NYUMBA NA KAZI: Usiku wa Kuamkia Mbio za Changarawe

Katika jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya Marekani, upo mji mdogo uitwao Emporia, wenye wakazi wapatao 24,000. Kwa sehemu kubwa ya mwaka mji huo hauna makuu: kuna reli, chuo, ng'ombe na upepo. Lakini kila ufikapo mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, barabara yake kuu, Commercial Street, hufurika watu wenye mavazi ya kubana na nyuso za wasiwasi, kila mmoja akiikokota baiskeli yake kama mtu ampelekaye mgonjwa kwa mganga. Hao ni washindani wa mbio ziitwazo Unbound Gravel. Mbio hizo zilianza mwaka 2006 kwa jina jingine, zikiwa na wapanda baiskeli 34 tu. Siku hizi huja watu kwa maelfu, kutoka kila pembe ya dunia. Zipo mbio fupi kwa wenye pumzi fupi, na zipo ndefu zaidi kwa wasiojihurumia, walakini zile zinazotajwa na wote ni za maili 200, yaani kilomita 322, ambazo huanza saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi na hupita karibu zote katika barabara za changarawe.

Changarawe hiyo si ya kawaida. Vilima vinavyouzunguka mji wa Emporia huitwa Flint Hills, yaani vilima vya gumegume. Wasomaji wenye umri watakumbuka kwamba bunduki za zamani, zilizotangulia hizi za leo, ziliitwa bunduki za gumegume kwa sababu kipande cha jiwe hilo ndicho kilichotoa cheche ya kuwasha baruti. Na kabla ya bunduki, wenyeji wa nchi ile walilichonga jiwe hilo kuwa ncha za mishale. Ardhi yake imejaa mawe kiasi kwamba jembe la mkulima lilishindwa kuilima. Ndiyo maana nyasi ndefu za asili, ambazo mahali pengine pa Marekani zimetoweka karibu zote, huko bado zimesimama na kulishwa ng'ombe. Basi jiwe lililotoboa ngozi ya nyati na kulishinda jembe la chuma, mtu atategemea nini litakapokutana na tairi la mpira?

Msomaji na amchukue mshindani mmoja wa mfano. Hatapewa jina, kwa kuwa si mtu mmoja, bali ni wengi waliokusanywa pamoja. Ni fundi wa umeme mwenye miaka 41, akaaye jimbo la jirani, mwendo wa saa sita kwa gari. Mkewe ni muuguzi. Watoto wao wawili wameachwa kwa bibi yao. Mwaka uliotangulia bwana huyu alishiriki mbio hizo hizo, na alipofika kilomita ya 130 tairi lake la nyuma lilipasuka ubavuni. Alikuwa na mipira ya ndani miwili. Wa kwanza ulitoboka baada ya dakika kumi, wa pili baada ya nusu saa. Akatembea kwa miguu, baiskeli begani, hata giza likamkuta, na mkewe ndiye aliyekwenda kumtafuta kwa taa za gari katika njia asizozijua.

Nyumbani waliafikiana. Angejaribu mara moja tena, basi. Nafasi za mbio hizi hutolewa kwa bahati nasibu, na jina lake lilipotoka, mama watoto hakuruka kwa furaha. Alichukua kalenda na kuhesabu Jumamosi. Kwa miezi saba kila Jumamosi ilikuwa ya baiskeli. Bomba la jikoni lilivuja tangu Machi. Siku za likizo ambazo zingewapeleka watoto ziwani zilitengwa kwa Emporia, na akiba pia. Wake wa askari hawahitaji kuelezwa zaidi hali ya mtu aliye nyumbani ilhali hayupo.

Sasa ni Ijumaa, saa kumi alasiri. Bwana amepanga chumba karibu na mji, na ametoka kuzungusha miguu kwa dakika ishirini tu, kama ilivyo desturi. Akasikia mlio. Kwi. Kila mguu wa kulia ulipokanyaga, kwi. Akasimama, akatazama, hakuona kitu. Akaendelea, na mlio ukaendelea.

Mtu asiyewahi kusubiri jambo kubwa atasema ni mlio tu. Lakini mshindani, siku ya mwisho, husikia kwa masikio mengine. Mazoezi yamekwisha, mwili umepumzishwa, na ile nguvu iliyozoea kutumika haina pa kwenda. Kwa hiyo inageuka kuwa udadisi. Goti ambalo halikuuma kwa miezi saba huanza kuuma. Koo huwasha. Na baiskeli, ambayo juma lililopita ilikuwa chuma na mpira, sasa ina siri.

Ilipofika saa moja jioni baiskeli ilikuwa imefunguliwa vipande juu ya magazeti yaliyotandikwa sakafuni. Pedali zimetolewa. (Wengi husahau kwamba pedali ya kushoto hufunguliwa kinyume cha ile ya kulia, nao huikaza zaidi wakidhani wanailegeza, yeye alikumbuka, kwa kheri yake.) Nguzo ya kiti imetolewa, ikapanguswa, ikapakwa grisi, ikarudishwa, na alama iliyoonyesha kimo cha kiti ikafutika kwa kitambaa kile kile kilichopangusia. Hilo nalo ni kosa ambalo mafundi hulikemea kila mwaka: kiti kikipanda au kushuka kwa upana wa kidole tu, mtu hatajua kwa kilomita 50, ila goti litajua ifikapo kilomita ya 200.

Mkewe aliporudi na chakula, alimkuta ameinua gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali kwa mkono. Mnyororo haukutulia. Ukiwekwa kwenye gia moja uliruka kwenda ya pili, ukirudishwa ulikwaruza. Akainama na kutazama kwa nyuma, jicho moja likiwa limefumbwa kama mlenga shabaha. Kile kifaa kinachohamisha mnyororo kutoka gia hadi gia kilikuwa kimeinamia ndani, kuelekea spoku.

"Nani aliweka sanduku la nguo juu ya baiskeli?" akauliza.

"Mimi," akajibu mkewe. "Na ni nani aliyeilaza kwa ubavu wa kulia?"

Hapo pakawa na kimya.

Yafaa jambo hili lielezwe, kwa kuwa si la wapanda baiskeli wa Kansas peke yao. Baiskeli yenye gia nyingi ina kifaa chake cha kuhamishia mnyororo upande wa kulia, nyuma, nacho kimeshikwa na kipande kidogo cha aluminiamu kiitwacho kishikizo. Kipande hicho kimetengenezwa kuwa dhaifu kwa makusudi. Baiskeli ikianguka au ikibanwa, hicho ndicho kipinde au kivunjike, ili fremu yenye thamani kubwa inusurike. Fremu nyingi zina kishikizo cha umbo lake, na cha nyingine mara nyingi hakitaingia. Ndiyo maana mwenye busara hubeba cha akiba mfukoni, kwa kuwa bei yake ni ndogo na ukubwa wake haupiti kidole gumba. Kikipinda kwa milimita mbili au tatu tu, gia hazitii amri. Kikipinda zaidi, siku mtu atakapopanda kilima kikali kwa gia nyepesi kupita zote, kifaa kizima kitaingia katika spoku, gurudumu litasimama ghafla, na mbio zitakuwa zimekwisha. Kwa hiyo baiskeli ya namna hiyo hulazwa kwa ubavu wa kushoto, gia zikitazama juu, wala haipakiwi kitu.

Hivyo sanduku lilikuwa la mke, na ubavu ulikuwa wa mume. Hakuna aliyemwomba mwenziwe radhi wakati ule. Bwana alivifunga vipande vyake kwa haraka, akaiweka baiskeli garini, safari hii kwa ubavu ulio sawa, wakaondoka wote wawili kwenda mjini kumtafuta fundi.

Ijumaa jioni mafundi wa Emporia hufanya kazi kama waganga wa vita. Foleni ilikuwa ndefu, na kila aliyesimama humo alikuwa na ugonjwa wake. Yuko aliyesafiri kwa ndege, na wakati gurudumu limetolewa na kufungwa katika sanduku, mkono wa breki ukabanwa na vibao vyake viwili vikakutana vikagoma kuachana. Yuko aliyepuliza mafuta ya mnyororo yakatua juu ya sahani ya breki, na sasa breki zinapiga kelele na hazishiki. Yuko aliyesahau chaja ya betri ya gia zake, kwa maana siku hizi zipo baiskeli ambazo gia zake huendeshwa kwa umeme, na betri ikiisha, mwenye baiskeli ya thamani ya gari hubaki na gia moja kama mchuuzi wa maziwa. Yuko pia aliyekaza bolti ya usukani kwa nguvu zake zote hata fremu ya kaboni ikatoa ufa. Bolti ndogo kama hizo zina kipimo chake cha kukaziwa, mara nyingi kipatacho tano tu kwa hesabu ya mafundi, na mkono wenye hofu hupita kipimo hicho bila kujijua.

Fundi aliwapokea bila salamu ndefu. Alifunga chombo chenye mkono mrefu mahali pa kishikizo, akakizungusha mkono huo na kulinganisha umbali wake na rimu juu, chini, mbele na nyuma. Akavuta kidogo, akapima tena, akavuta. Baada ya dakika sita gia zilipanda na kushuka kama ngazi. Bwana akaanza kueleza habari ya mlio. Fundi hakumsikiliza, alikuwa amelitoa gurudumu la nyuma na kulitikisa karibu na sikio.

"Maji ya tairi uliyatia lini?"

"Februari."

Msomaji aliyezoea baiskeli za kwetu atashangaa ni maji gani hayo. Matairi ya mbio za changarawe siku hizi aghalabu hayana mpira wa ndani. Tairi lenyewe hukaa juu ya rimu pasipo kupitisha hewa, na ndani yake hutiwa maji mazito meupe, ya asili ya utomvu wa mpira. Mwiba ukitoboa, hewa inayotoka huyachukua maji hayo hadi kwenye tundu, nayo huganda hapo na kuziba, mara nyingi mpandaji asijue hata kwamba ametobolewa. Dawa hiyo ina aibu moja tu: hukauka. Katika hali ya joto huweza kukauka kwa miezi michache, na tairi likabaki limejaa upepo, zuri, gumu, lisiloonyesha dosari yoyote kwa nje. Fundi alilitikisa gurudumu mara ya pili ili wote wasikie. Hakukuwa na sauti. Alipofungua, ndani mlikuwa na ngozi kavu kama utando wa maziwa ukingoni mwa sufuria.

Hapo ndipo uso wa yule bwana ulipobadilika. Miezi saba, siku za likizo, akiba, bomba lililovuja. Na angekwenda kupita juu ya gumegume kwa kilomita 322 akiwa hana kinga yoyote, hali yeye alikuwa akiukimbiza mlio.

Magurudumu yote mawili yalitiwa maji mapya. Na ule mlio? Fundi aliweka kidole juu ya kile kishikio cha waya kinachobeba chupa ya maji ya kunywa, akakibana, akamwambia bwana azungushe pedali akiwa amekaa. Kimya. Bolti ilikuwa imelegea. Nusu mzunguko wa spana, na kwi ikawa imekwenda zake.

Bwana aliona ni heri, kwa kuwa yuko hapo, anunue na mnyororo mpya. Fundi alikataa kumuuzia. Mnyororo uliotumika huzoeana na meno ya gia zake, vikalika pamoja. Mnyororo mpya juu ya meno ya zamani huweza kuteleza mguu unapokanyaga kwa nguvu, na mahali pa kuligundua hilo ni nyumbani majuma mawili kabla, si kilimani siku ya mbio. Ni nadra kumwona mfanyabiashara akirudisha fedha mfukoni mwa mteja.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya matajiri na mashine zao. Kweli, baiskeli ile nzito ya gia moja inayopita katika vijiji vyetu haina kishikizo cha kupinda wala betri ya kuisha. Baiskeli za namna hiyo ndizo zilizowavusha abiria kati ya vituo vya mpaka pale Busia, zikazaa jina la bodaboda, na fundi wake huhitaji kivuli cha mwembe, beseni la maji, kiraka na solusheni. Walakini vijana wa upande wetu wa dunia nao sasa wamo katika mbio hizi. Tangu mwaka 2021 yamefanyika Kenya, katika nchi ya Wamasai karibu na hifadhi ya Mara, mashindano ya siku nne yaitwayo Migration Gravel Race, yenye urefu wa kilomita zipatazo 650, ambapo wapanda baiskeli wa Kenya, Uganda na Rwanda hushindana na wageni kutoka Ulaya na Marekani. Mmoja wa vinara wao alikuwa Suleiman Kangangi, Mkenya, aliyeshika nafasi ya tatu katika Tour du Rwanda mwaka 2017 na baadaye akawa nahodha wa Team Amani. Alifariki dunia tarehe 27 Agosti 2022, baada ya kuanguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, akiwa na umri wa miaka 33. Jamaa wa mpanda baiskeli huijua habari hiyo. Ndiyo sababu mke wa yule bwana, walipokuwa wakirudi garini, hakuuliza habari ya gia wala ya tairi. Aliuliza, "Na breki amezitazama?" Zilikuwa zimetazamwa.

Walipofika chumbani ilikuwa saa nne usiku. Bwana akataka kuifungua tena nguzo ya kiti. Mkewe akaketi mezani, akachukua kalamu na nyuma ya bahasha, akaandika mambo tisa, moja chini ya jingine: gurudumu la mbele limekazwa, la nyuma limekazwa, breki ya mbele, ya nyuma, upepo, mipira ya akiba miwili na vijiti vya kuzibia matundu, pampu, kishikizo cha akiba, taa. Kisha akamwambia, "Mimi nasoma, wewe unagusa. Usiguse kisichosomwa."

Askari wa anga wataitambua desturi hiyo na chanzo chake. Tarehe 30 Oktoba 1935, katika uwanja wa Wright Field, jimbo la Ohio, ndege mpya ya kivita ya kampuni ya Boeing, iliyoitwa Model 299, iliruka, ikainuka kwa ukali, ikaanguka na kuungua, wakafa watu wawili, rubani wake akiwa mtu mzoefu sana. Mashine haikuwa na ubovu. Kifungo kinachozuia mabawa ya mkia yasitikiswe na upepo ndege iwapo chini kilisahauliwa kufunguliwa. Hawakuongeza mafunzo ya ushujaa baada ya hapo. Waliandika orodha ya mambo ya kutazamwa kabla ya kuruka, nayo ikasomwa kila mara, hata na wale walioijua kwa moyo. Ndege ile ile, iliyojulikana baadaye kwa jina la B-17, ilitengenezwa kwa maelfu. Mwenye uzoefu ndiye hasa aihitajiye karatasi, kwa kuwa mgeni bado anaogopa kusahau.

Orodha ya bahasha ilichukua dakika nane. Taa ikazimwa. Usingizi haukuja.

Katika vyuo vya ualimu hufundishwa habari ya wataalamu wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, ambao mwaka 1908 walieleza, kwa majaribio ya panya, kwamba msisimko kidogo huongeza wepesi wa kujifunza, lakini ukizidi mno katika kazi ngumu huuharibu. Mwalimu huikumbuka kanuni hiyo siku ya mtihani. Mshindani kitandani huishi ndani yake: moyo wadunda, viganja vina jasho, tumbo halitulii. Kumwambia mtu wa namna hiyo "tulia" ni kumwongezea kazi ya pili juu ya ile ya kwanza. Mwaka 2014 mtafiti wa chuo cha Harvard, Alison Wood Brooks, alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walioambiwa wajisemee kuwa wana hamasa, kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu mbele ya wengine, walifanya vizuri kuliko walioambiwa wajitulize. Mwili hauwezi kushuka haraka kutoka katika mdundo ule; lakini mdundo wa hofu na mdundo wa hamu hufanana, na jina laweza kubadilishwa. Kuhusu usingizi wenyewe, usiku mmoja wa kujigeuza haumwangushi mtu aliyelala vyema juma zima, ingawa hakuna saa nane ya usiku ambapo maneno hayo yamewahi kumliwaza mtu.

Mkewe naye hakulala. Kwa kanuni za mbio hizi mshindani haruhusiwi kusaidiwa na watu wake njiani, ila katika vituo maalumu tu. Huko ndiko atakakongoja yeye, na chupa, chumvi, chakula, mnyororo wa kupakwa mafuta, katikati ya mamia ya waume na wake za watu wengine wenye ndoo na mataulo. Akichelewa njia, mumewe atasimama na kiu. Hofu ya msaidizi haiandikwi katika matokeo.

Saa kumi na mbili kamili walianza. Mvua haikunyesha mwaka huo wa mfano, na hiyo ni neema. Mwaka 2023 ilinyesha, na kilomita chache tu baada ya mwanzo washindani walikuta tope la mfinyanzi lililoshika magurudumu hata yasizunguke. Watu wakabeba baiskeli zao mabegani, vifaa vya gia vikakatika ovyo, na wale waliokuwa na kipande cha ubao kama cha kukorogea rangi, wakakwangua tope nacho, waliendelea.

Katika kilomita ya 140 tairi la nyuma lilikatwa. Alisikia mfyonzo, akaona maji meupe yakiruka juu ya mguu wake kama maziwa ya mbuzi, akashuka. Mkono ulitetemeka. Akakisukuma kijiti kimoja cha kuzibia katika tundu, akalizungusha gurudumu ili maji yashuke mahali pale, akahesabu hadi thelathini. Mfyonzo ukapungua, ukakoma. Akapiga pampu mara sitini. Waliompita walikuwa arobaini au zaidi, nao hawakumpa pole, ila mmoja.

Alipoingia kituo cha pili mkewe hakumuuliza alikuwa wapi. Alibonyeza tairi kwa kidole gumba, la mbele kisha la nyuma, akageuza gurudumu akitazama sahani za breki, akampa chupa mbili na viazi vilivyochemshwa kwa chumvi. "Watoto wamepiga simu," alisema. "Wameuliza kama bado unatembea. Nimewaambia unaendesha." Akampiga mgongoni kwa kiganja, akaondoka.

Wepesi huazimia kumaliza kabla ya jua kuzama, na yeye pia alikuwa ameazimia hivyo. Jua lilimshinda kwa saa moja na dakika ishirini. Aliingia Commercial Street akiwa na taa, vumbi limemganda hata kope, akapita mstari na kutafuta ukuta wa kuegemea.

Asubuhi ya Jumapili hakuweza kukunja magoti bila kuguna, kwa hiyo mama ndiye aliyeshika usukani wa gari. Baiskeli ililazwa kwa ubavu wa kushoto, peke yake, na nafasi yote ya nyuma ikawa yake. Sanduku la nguo bwana alilipakata mwenyewe mapajani, saa sita nzima, hadi nyumbani.